Mnyanyueni Punda Kwanza

Na Mchungaji Msaidizi

Maandiko ya kusoma nyumbani: Kutoka 23:1-8, Mithali 12:10, Mithali 20:14, Mambo ya Walawi 6:1-5



Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, mama mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza, "Mchungaji, ile kesi ya mbwa iliishaje?" Nilicheka kidogo nikamwambia nitaandika. Sasa naandika, lakini kicheko kimeisha, kwa sababu kesi ile niliiamua mimi, na niliiamua vibaya. Wahusika wote wawili ni washirika wa kanisa hili. Nimewaomba ruhusa wakanipa, kwa sharti nisiwataje majina.

Kesi yenyewe ni hii. Dada mmoja anaishi Tudor, kwenye nyumba ya kupanga yenye ua wa nyuma. Alipoachishwa kazi hotelini alianza kufuga mbwa aina ya German Shepherd. Ana majike wawili. Wakizaa, huwatunza watoto mpaka wafike wiki nane, huwapa dawa ya minyoo na chanjo ya kwanza, kisha huweka picha zao kwenye WhatsApp. Wateja wake ni wenye majumba Nyali na Kizingo, na wenye maghala Shimanzi wanaotaka mbwa wa ulinzi. Kwa pesa hizo analipa kodi na karo ya watoto watatu.

Kijana mmoja wa idara yetu ya vijana, karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, alinunua kijibwa kimoja kwa shilingi 25,000. Kijana huyu amekulia Taveta, na kwao kila boma lina mbwa. Babake alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma, na chumba chake kilikuwa kimevunjwa, kompyuta ikaibwa. Akaona mbwa atamlinda na pia atamliwaza. Alituma pesa kwa M-Pesa, akapata ujumbe mfupi: asante kwa kununua, akishatoka hapa harudi. Akakitia kijibwa kwenye boksi, akapanda tuktuk mpaka kwake.

Kwake ni Mji wa Kale, nyuma ya Ndia Kuu, ghorofa ya pili. Wanaozijua nyumba zile wameshaiona shida. Ngazi ni moja, nyembamba, ya watu wote. Majirani zake wote ni Waislamu, na Waislamu wengi wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafi, ambamo mate ya mbwa yakigusa nguo au chombo lazima kioshwe mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kijibwa cha wiki nane hakijui madhehebu. Kila aliyepanda ngazi kilimkimbilia na kumlamba miguu. Mama wa ghorofa ya kwanza hutoka kutawadha, analambwa, anarudi ndani kuanza upya.

Niseme wazi kwamba majirani wale hawakumpiga mnyama wala kumtukana mwenye mnyama. Yule mama ndiye aliyekuwa akiweka kopo la maji kwenye ngazi kijana akiwa kazini, kwa sababu alikisikia kikilia kwa kiu. Lakini siku ya tisa mwenye nyumba alikuja na maneno ya upole yasiyo na mlango wa nyuma: mbwa aondoke kabla ya mwisho wa mwezi, ama mpangaji aondoke.

Kijana akapiga simu Tudor, akataka kurudisha kijibwa apewe pesa zake. Dada akasema hapana. Kijana akasema ataenda Mahakama ya Madai Madogo. Dada akamwambia aende. Ndipo shemasi mmoja, akikumbuka jinsi Paulo alivyowakemea Wakorintho kwa kushtakiana, akawaleta ofisini kwangu.

HUKUMU YANGU

Mnajua kwamba kabla ya kuitwa katika huduma nilisomea biashara. Nilikaa nao dakika arobaini na nikafanya kazi kama nilivyofundishwa. Kijibwa kiliuzwa kikiwa kigonjwa? Hapana. Dada alidanganya chochote? Hapana. Ule ujumbe kijana aliusoma kabla hajabeba boksi? Aliusoma. Mwenye nyumba aliulizwa kabla ya kununua? Hakuulizwa. Basi nikasema neno la muuzaji lisimame. Nikataja Zaburi ya 15, inayomsifu mtu ambaye akiapa habadilishi hata kiapo kikimwumiza. Nikaomba, nikawaaga. Kusema kweli, nilijiona Sulemani.

Kabla ya mwisho wa mwezi kijana alimpa kijibwa mlinzi wa ghala moja Shimanzi aliyesema anakitaka. Baada ya wiki mbili mlinzi akahamishwa. Aliyekuja mahali pake hakutaka mbwa. Akafungua lango.

Habari ilipofika Tudor, dada alikuja kuniona. Hakuja kwa hasira, na hilo lilinichoma zaidi. Akaniambia, "Mchungaji, yule alikuwa wa mwisho kuzaliwa. Mama yake alimkataa, nikamnywesha maziwa kwa sirinji siku sita. Mimi nilikataa kurudisha pesa, kwa sababu pesa zilikuwa zimeshaingia shuleni. Mbwa sikumkataa. Wewe hukuniuliza kuhusu mbwa."

Nikampigia kijana simu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mchungaji, mimi ningemrudisha hata bila senti. Nilijua haruhusiwi kurudi."

Wapendwa, hebu wekeni maneno hayo mawili pamoja. Mmoja alikuwa tayari kupokea mbwa. Mwingine alikuwa tayari kumtoa bure. Walikaa viti viwili, na mimi katikati, dakika arobaini, na kijibwa kile hakikuwa na mtu wa kukiuliza kitakwenda wapi. Tulimzungumzia mbwa na pesa kama kitu kimoja, na kwa kuwa pesa hazikuweza kurudi, mbwa naye hakurudi.

Tulikwenda kumtafuta sote watatu jioni mbili, kutoka Shimanzi mpaka karibu na Makupa. Hatukumpata.

HOJA YA MUUZAJI

Sitaki mtu asome hapa akadhani namhukumu dada yetu. Maneno aliyoandika yeye ndiyo yaliyo ukutani katika maduka mengi kutoka Biashara Street mpaka Marikiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Na maneno hayo yana sababu. Mfanyabiashara mdogo hana akiba. Pesa ikiingia asubuhi, jioni imeshakuwa unga, kodi na karo. Kama kila mauzo yanaweza kufunguliwa upya wakati wowote, hawezi hata kupanga wiki moja mbele.

Tena wanunuzi nao si malaika. Mithali 20:14 inamweleza mnunuzi anayekiponda kitu akiwa mbele ya muuzaji, kisha akienda zake anajisifu kwa bei aliyopata. Tunawajua wanaonunua suti Ijumaa, wakavaa harusini Jumamosi, na Jumatatu wanairudisha wakisema haikuwatosha. Anayezalisha mbwa naye hukutana na mtu aliyenunua kijibwa kwa sababu watoto walilia, na watoto wakichoka nacho anataka pesa zake zote.

Na kuna sababu nyingine wasioifuga hawaijui. Kuna ugonjwa unaoitwa parvo. Huua vijibwa kwa kuhara na kutapika damu, na virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi. Kijibwa kilichotoka nje kikirudi uani na ugonjwa huo, kinaweza kumaliza ndugu zake wote waliobaki. Kwa hiyo muuzaji anayesita kupokea mbwa aliyerudi anaweza kuwa anawalinda wengine.

Hoja hizi zote ni za kweli. Lakini ziangalieni vizuri. Ya kwanza inahusu pesa. Ya pili inahusu pesa. Ya tatu ndiyo pekee inayomhusu mnyama mwenyewe, na inayo jibu: daktari wa mifugo amwone kwanza, akae peke yake siku 14 mbali na wengine, kwa sababu mara nyingi parvo huonekana ndani ya muda huo. Hakuna hata hoja moja inayosema mnyama akose pa kwenda.

SHERIA INAPOISHIA

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata kitu chenye ubora unaofaa na habari za kutosha kuhusu kitu hicho, na afidiwe akipata hasara kwa ubovu wake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kwamba mnunuzi akimweleza mwenye biashara anataka kitu kwa kazi gani, na akautegemea ujuzi wake, kitu hicho lazima kifae kwa kazi hiyo. Ni sheria nzuri, na mshirika yeyote anayeuza chochote anafaa kuzijua. Lakini katika sheria hizo mbwa ni bidhaa kama kiti au friji. Zinauliza kama bidhaa ilikuwa mbovu. Ikiwa haikuwa mbovu, zinanyamaza.

Kisha kuna sheria nyingine, Sura ya 360, inayokataza kuwatendea wanyama ukatili. Hiyo inajua kwamba mbwa anaumia. Ajabu ni kwamba siku ya kuuza tunaikumbuka ile ya kwanza tu. Kiti ukikitupa nje hakipati kiu. Friji ukiiacha Shimanzi haikai langoni ikikungoja.

Wenzetu wa nje wamejaribu kuziba pengo hili. Katika jimbo la New York, Marekani, daktari wa mifugo akithibitisha ndani ya siku 14 za kazi kwamba mbwa aliuzwa akiwa mgonjwa, mnunuzi ana njia tatu: amrudishe apate pesa zake, abadilishiwe, au abaki naye na muuzaji agharimie matibabu, ingawa si zaidi ya bei aliyonunuliwa. Njia ya tatu ndiyo inayonifurahisha. Aliyeiandika alielewa kwamba mtu anaweza kumpenda mbwa mgonjwa kwa siku kumi na asikubali kumbadilisha na mzima. Huko Uingereza, tangu tarehe 6 Aprili 2020, kijibwa cha chini ya miezi sita hakiuzwi na wachuuzi wa katikati. Mnunuzi hukitoa kwa aliyekizalisha mwenyewe, au kwenye makao ya wanyama. Lakini hata sheria hizo haziwezi kukufikisha kwenye mapenzi. Huko inafika Biblia.

PUNDA WA MTU MWENYE KESI NAWE

Someni Kutoka 23 kuanzia mstari wa kwanza. Mistari mitatu ya mwanzo ni ya mahakamani: usishuhudie uongo, usifuate umati kupotosha hukumu, usimpendelee mtu katika kesi yake kwa sababu tu ni maskini. Mstari wa 6 mpaka wa 8 ni ya mahakamani tena: usimnyime maskini haki yake, usipokee rushwa. Lakini katikati, mstari wa 4 na wa 5, ghafla anaingia ng'ombe aliyepotea na punda aliyeanguka chini ya mzigo. Mungu anasema ukimkuta ng'ombe wa adui yako anatangatanga, mrudishe kwake. Ukimwona punda wa mtu anayekuchukia amelala chini ya mzigo wake, usipite. Saidiana naye kumfungua.

Kwa miaka mingi nilidhani mistari hiyo miwili imewekwa vibaya, kama karatasi iliyochanganyika kwenye faili. Siku hizi naamini imekaa hapo makusudi. Watu wawili wanaelekea kwa mwamuzi. Kila mmoja ana hoja. Pengine mmoja ana haki kabisa. Njiani punda wa mmoja wao anaanguka. Mungu haulizi nani mwenye haki katika kesi, wala hasemi kesi ifutwe. Anasema shikeni huku na huku, mnyanyueni punda. Kesi itawangoja. Punda hawezi kungoja.

Angalieni pia kwamba punda hajafanya kosa lolote. Hakutia saini. Hakusoma ujumbe kwenye simu. Hajui nani analipa karo na nani amefiwa. Mithali 12:10 inasema mwenye haki huijali nafsi ya mnyama wake. Neno "wake" hapo ndilo lililonitatiza. Kijibwa kile kilikuwa cha nani siku ile ofisini? Kila mmoja wetu alikuwa na sababu nzuri ya kusema si chake, na mimi nilikuwa na sababu nzuri kuliko wote. Lakini mwenye kukileta kiumbe duniani ili apate faida hawezi kusema uhusiano umekatwa M-Pesa ilipoingia. Mnunuzi anachukua jukumu la kwanza. Muuzaji anabaki na la mwisho: kama kila mlango umefungwa, mlango wake ubaki wazi.

Kwa hiyo fundisho langu kwenu ni fupi. Mnyama apokelewe siku zote. Pesa zifuate haki.

PESA ZIFUATE HAKI

Sasa tuingie kwenye pesa, maana hapo ndipo watu hukwama. Ukishatenganisha mambo mawili, hesabu inakuwa rahisi kuliko unavyodhani.

Kwanza, kama mbwa aliuzwa akiwa mgonjwa, au muuzaji alificha jambo, basi pesa zote zirudi na gharama za daktari juu yake. Mambo ya Walawi 6 inamtaka aliyepata kitu kwa udanganyifu arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano. Kwa shilingi 25,000 hiyo ni 5,000 zaidi. Zakayo, aliposhukiwa na neema, aliahidi mara nne. Hapa hakuna cha "hairudishwi". Ujumbe kwenye simu haufuniki udanganyifu.

Pili, kama hakuna aliyedanganya bali hali ya mnunuzi imebadilika, au alikosea kukadiria, kama kijana wetu, mbwa arudi leo na pesa zingoje. Muuzaji amtafutie mnunuzi mwingine, atoe gharama za chakula na chanjo na kile kilichopungua kwenye bei, abaki kumpa wa kwanza kinachosalia. Tuseme yule dada angemuuza tena kwa 22,000, akatoa 4,000 za matumizi. Kijana angepata 18,000. Angepoteza 7,000, na hiyo ni ada halali ya kutomwuliza mwenye nyumba. Dada asingetoa senti mfukoni. Mbwa angekuwa Nyali kwenye nyasi. Mimi mwenye digrii nilishindwa kuiona hesabu ya darasa la nne.

Tatu, kama mnunuzi amechoka tu, hana sababu, mbwa arudi na pesa zisirudi. Mtaniuliza, je, hatumfundishi mnunuzi kuwa mzembe? Hapana, maana amepoteza pesa zake, na hilo ni funzo tosha. Tukimkatalia mbwa ili mnunuzi ashike adabu, tumemgeuza mnyama kuwa fimbo, na fimbo hiyo inavunjika yenyewe huku aliyechapwa amekwenda zake.

Na msiseme ni mbwa tu. Kijibwa huuzwa na wiki nane, lakini chanjo ya kichaa cha mbwa hupewa akifika karibu miezi mitatu. Akitupwa kati ya hapo, mtaa umepata mbwa asiye na chanjo. Shirika la Afya Duniani linasema visa 99 kati ya 100 vya ugonjwa huo kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa nao, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, mgonjwa hufa karibu kila mara. Serikali yetu iliweka mpango wa 2014 hadi 2030 wa kuumaliza. Mpango huo hautafaulu kwa madaktari peke yao ikiwa sisi tunafungua malango na kuangalia pembeni.

MANENO YA MZEE WA JIRANI

Baada ya kukata tamaa ya kumpata, nilikwenda Mji wa Kale kumshukuru yule mama wa ghorofa ya kwanza kwa maji aliyokuwa akiweka. Nikamkuta babake, mzee mwenye duka la vitambaa chini ya nyumba ile ile. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaniitikia, akaagiza kahawa, tukakaa barazani. Nilimsimulia yote.

Akasema, "Mwanangu, sisi mbwa hatuuzi. Bei yake kwetu haifai. Lakini kuuza nimeuza tangu ujana wangu. Mtu akija kesho yake amejuta, nikampokea nikavunja biashara, tunafundishwa kwamba Mungu naye atanisamehe nilipoteleza. Hasara yangu ni ya siku moja."

Sikukubaliana naye katika mambo yote ya imani, na yeye anajua. Lakini nilirudi Makadara kwa miguu nikiwa na aibu. Mzee ambaye hawezi hata kumgusa mbwa alikuwa ameelewa jambo ambalo mimi, niliyemwekea mikono dada yule na kumwombea biashara yake, sikuwa nimelielewa.

Nitaje na jambo moja dogo. Kuna mshirika aliyemwambia dada yetu kwamba yaliyompata ni kwa sababu Kumbukumbu la Torati 23:18 inakataza ujira wa mbwa kuletwa nyumbani mwa Bwana, kwa hiyo fungu lake la kumi halikubaliki. Mpendwa, soma na mstari wa 17. Habari pale ni ya watu waliojiuza katika ibada za sanamu, na wafafanuzi wengi wanaona "mbwa" ni jina walilopewa wanaume wa kazi hiyo. Haizungumzii mama anayelea vijibwa Tudor. Fungu lake tunalipokea kwa furaha. Pesa huchafuliwa na namna ilivyopatikana, na dada huyu anaipata kwa kuamka usiku kunywesha maziwa kwa sirinji.

TULIPOFIKA SASA

Niliwaomba msamaha wote wawili mbele ya yule shemasi aliyewaleta. Pesa hazikurudi, na kijana hakuzidai tena. Wanasalimiana. Sitawaambia ni marafiki, maana si kweli bado.

Dada amebadilisha ujumbe wake. Sasa kabla ya kupokea pesa anauliza mnunuzi anaishi wapi, nyumba ni ya nani, mwenye nyumba amekubali, nani atabaki na mbwa mchana. Anataka mnunuzi aje Tudor amwone na mama wa kijibwa. Na mwishoni ameandika: ukishindwa naye, usimpe mtu, usimtupe, mrudishe kwangu; ya pesa tutazungumza. Aliniambia tangu aandike hivyo wanunuzi wawili wamekasirishwa na maswali wakaenda kwingine. Pesa hizo amezikosa, na mwezi huo karo ilichelewa. Nawaambia hili ili msidhani haki haina gharama.

Mimi nami nimebadilisha namna ya kukaa na kesi. Mkija ofisini kwangu sasa, kabla sijauliza nani alisema nini, nitauliza: wakati sisi tunabishana, ni nani anayeumia na hayuko hapa chumbani? Si mbwa tu. Nimeona ndugu wakigombania nyumba ya urithi miaka miwili, na mama mzee aliye ndani ya nyumba hiyo hana wa kumpeleka hospitali, kwa sababu kila mmoja anangoja kesi iishe. Nimeona mume na mke wakiandikiana barua za mawakili, na mtoto amekaa nyumbani muhula mzima kwa sababu hawajakubaliana nani alipe karo. Kesi zenu zinaweza kuwa za haki. Mnyanyueni punda kwanza.

Nikipita Shimanzi jioni bado naangalia malangoni. Angekuwa mkubwa sasa.

TUOMBE

Bwana, wewe uliyemwuliza Yona kama hupaswi kuihurumia Ninawi, ukawahesabu na wanyama wake, utusamehe tulipoamua kesi tukawasahau wasio na sauti. Wape wanaouza mkono mweupe, na wanaonunua moyo wa kufikiri kabla. Utukumbushe kwamba wewe ulitupokea tuliporudi, na hukuuliza risiti. Katika jina la Yesu, Amina.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Je, kuna kitu ulichowahi kuuza ambacho jukumu lake halikuisha ulipolipwa?
2. Soma Kutoka 23:1-8. Kwa maoni yenu, kwa nini punda yuko katikati ya mambo ya mahakama?
3. Dada yetu alipoteza wanunuzi wawili kwa kuuliza maswali. Kanisa lina wajibu gani kwa mshirika anayepata hasara kwa kutenda haki?
4. Katika ugomvi wowote ulio nao wiki hii, nani anayeumia na hayupo chumbani?